MANENO YA KIINGEREZA YANAYOFANANA: ULIZA KABLA YA KUGUSA

Ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba, na wewe kijana unayejifunza ufundi,

Leo somo letu la usalama si juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Ni juu ya maneno. Utashangaa: neno linaumiza namna gani? Linaumiza sana, kama limeandikwa juu ya pipa, juu ya sanduku la umeme ao juu ya katoni ya baruti, na mwenye kulisoma amelielewa kinyume.

Sisi wa Kirungu, wa Moba na wa Kalemie tumefundishwa Kifaransa shuleni, na Kifaransa ndicho tunachosoma kwenye karatasi za kazi. Nyumbani tunasema Kiswahili. Lakini vitu tunavyotumia havitoki vyote kwa wenye kusema Kifaransa. Ziwa letu linatuunganisha na Kigoma, Tanzania, na Mpulungu, Zambia. Mapipa, makopo, mashini na vipuri vingi vinafika vikiwa na maandishi ya Kiingereza. Mtu anayejua Kifaransa anatazama, anaona neno linalofanana na lile analolijua, anasema, «Nimeelewa.» Hapo ndipo hatari inapoanza. Maneno ni kama mapacha: sura moja, tabia mbili.

Tuyachukue moja moja.

SOMO LA 1: «PÉTROLE» NA «PETROL»

Tuanze na neno hili, sababu linaingia mpaka ndani ya nyumba.

Kwetu tukisema «pétrole», kwa Kifaransa, tunataka mafuta ya taa. Lakini Mwingereza akiandika «petrol» juu ya kopo, anasema esansi, ile ya motokari na pikipiki. Ndugu zetu wa Kigoma wamefuata Mwingereza: kwao «petroli» ni esansi, na mafuta ya taa huitwa mafuta ya taa. Basi mtoto akivuka ziwa na kuomba «petroli ya taa ya mama», mwuzaji anaweza kumpa esansi bila ubaya wowote moyoni. Amempa alichoomba.

Tofauti yake ni nini? Mafuta ya taa, kwa kawaida, yanahitaji kupata joto la nyuzi 38 hivi ao zaidi kabla mvuke wake haujaweza kushika moto wa cheche. Esansi inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake, katika hali ya hewa yetu esansi iko tayari kuwaka saa zote, mchana na usiku. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini sakafuni mpaka unakuta jiko ao kibiriti cha mtu aliyesimama mbali. Esansi ikitiwa ndani ya taa, taa inaweza kulipuka mkononi mwa mwenye kuiwasha. Na esansi kidogo tu ikichanganyika na mafuta ya taa inatosha kuyafanya yawe ya hatari.

Kuna maneno mengine ya ukoo huo. Yashike vizuri:

– «Kerosene»: mafuta ya taa.
– «Paraffin»: ni mafuta ya taa pia, kwa Kiingereza cha Uingereza na cha Zambia. Lakini kwa Kifaransa «paraffine» ni nta, kama ile ya mishumaa.
– «Gasoline»: esansi, kwa Kiingereza cha Marekani. Wamarekani hulikata neno na kusema «gas» tu.
– «Gas»: kwa Mwingereza ni gesi, kama ile ya kupikia, ao hewa mbaya ndani ya shimo la mgodi.
– «Gas oil» na «diesel»: mazutu.

Tazama namna «gas», «gasoline» na «gas oil» zinavyokaribiana, na hata hivyo ni vitu vitatu. Esansi ikitiwa ndani ya mashini ya mazutu, pampu inaharibika, sababu mazutu ndiyo inayoilainisha. Tena umeweka esansi mahali ambapo hakuna mtu anayeitazamia.

Kwa hiyo, mama na baba, tufanye hivi:

1. Ukimtuma mtu, usiseme jina tu. Sema kazi yake: «ya kuwasha taa», ao «ya kutia ndani ya pikipiki».
2. Bidoni ya esansi isitiwe mafuta ya taa kamwe, hata ikioshwa. Kila bidoni na kazi yake, na alama yake ya rangi.
3. Usijaribu mafuta kwa kibiriti ili kujua ni ya namna gani. Kama una mashaka, usiyatumie.
4. Usijaze taa inayowaka.
5. Mafuta yakishika moto, usimwage maji. Tumia mchanga, ao funika kwa blanketi zito lililoloweshwa.
6. Mtu akiungua, poza mahali palipoungua kwa maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20, kisha umpeleke kwa mganga. Usipake dawa ya meno, mafuta wala udongo.

SOMO LA 2: «INFLAMMABLE», «FLAMMABLE», «NON-FLAMMABLE»

Katika Kiingereza, «in» mbele ya neno mara nyingi ni kukana. «Correct» ni sahihi, «incorrect» si sahihi. Basi kijana aliyeanza kujifunza Kiingereza anaona «inflammable» na anafikiri: hakiwaki. Amekosea! «Inflammable» ni kitu kinachowaka upesi. «Flammable» ni maana ileile kabisa. Kisichowaka ni «non-flammable».

Hata wenye Kiingereza chao walidanganyika. Ndiyo sababu katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kuzuia moto, NFPA, kilianza kuhimiza watu waandike «flammable» na kuacha «inflammable». Lakini neno la zamani halijafa, na wewe utalikuta.

Sisi wa Kifaransa tuna mtego wetu mwingine. «Inflammable» ya Kifaransa tunaijua: inawaka. Lakini kisichowaka kwa Kifaransa ni «ininflammable». Mtu mwenye haraka, macho yake yanaruka zile herufi mbili. Kwa hiyo usitegemee mwanzo wa neno. Tafuta picha: mwali wa moto ndani ya umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, mwenye mpaka mwekundu. Picha hiyo ni ya mpango wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwaka 2003, nayo haibadiliki kwa lugha. Ukiona mwali, weka moto mbali, neno liwe lolote.

SOMO LA 3: «EMPTY» SI «SALAMA»

Marekani aliishi mtu mmoja, Benjamin Lee Whorf, aliyefanya kazi ya kuzuia moto katika kampuni ya bima ya Hartford. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mahali moto unapoweza kuzuka, na sababu zake. Aliona jambo hili, akaliandika mwaka 1939: penye mapipa yaliyojaa esansi, watu wanajihadhari sana. Penye mapipa yaliyoitwa «empty», yaani matupu, wanalegea, wanavuta sigara. Na hayo matupu ndiyo yaliyo hatari zaidi, sababu yamejaa mvuke.

Neno «empty», kama «vide» ya Kifaransa, linasema tu kwamba mafuta ya maji yamekwisha. Halisemi mvuke umetoka. Kiingereza kina neno jingine kwa hilo: «gas-free», maana pipa limesafishwa na kupimwa, halina mvuke wa kuwaka. Maneno haya mawili hayawezi kubadilishana nafasi.

Jambo hili linatugusa nyumbani pia. Wangapi kati yetu wanakata mapipa ya zamani kutengeneza mbabula, beseni ao mlango? Ukikata kwa moto wa kuunga chuma pipa lililobeba esansi, mazutu ao rangi, linaweza kulipuka na kumwua fundi na watoto waliosimama kutazama. Hata cheche ya patasi yaweza kutosha. Pipa ambalo hujui lilibeba nini, liache. Kuliosha kwa maji mara moja hakutoshi.

SOMO LA 4: «OPEN» NA «CLOSED»

Hapa neno ni moja, lakini kazi mbili zinalipa maana zinazopigana.

Kwenye robine ya maji ao ya hewa ya kompresa, «open» ni kufunguliwa: maji yanapita, hewa inapita. «Closed» ni kufungwa: hakuna kinachopita.

Kwenye umeme ni kinyume. Swichi ikiwa «open», njia ya umeme imekatika, umeme haupiti. Ikiwa «closed», njia imeunganika, umeme unapita. Fikiri watu wawili wanaoshikana mikono: wakiachana, nafasi imefunguka katikati, hakuna kinachovuka; wakishikana, nafasi imefungika, umeme unavuka.

Kifaransa cha umeme kinasema vilevile, «ouvert» na «fermé». Mtego uko ndani ya Kiswahili chetu. Tumezoea kusema «fungulia redio», tukitaka iseme. Basi fundi akiambiwa kwa sauti toka ng'ambo ya mashini, «Imefungwa!», ataelewa nini? Kwamba umeme umekatwa, ao kwamba njia imeunganishwa? Mkono wake uko juu ya waya.

Shauri letu: kazini, juu ya umeme, tusitumie kamwe «fungua» na «funga». Tuseme «kata umeme» na «rudisha umeme». Na kwenye swichi nyingi utaona alama mbili zisizohitaji lugha: mstari uliosimama, I, ni umeme unapita, duara, O, ni umeme umekatwa.

SOMO LA 5: «OFF» NA «DEAD»

«Off» inasema swichi imewekwa mahali pa kukata. Ni habari ya swichi tu. «Dead», neno la kawaida la kifo, kwa fundi wa umeme ni waya usio na umeme hata kidogo. Kinyume chake ni «live», hai: waya wenye umeme.

Je, swichi iliyo «off» inafanya waya uwe «dead»? Si lazima. Labda umekata swichi ya mashini nyingine. Labda swichi imeharibika ndani. Labda kuna jenereta inayolisha toka upande wa pili. Labda mwenzako, asiyekuona chini ya mashini, anakuja kurudisha. Ndiyo sababu kazi ya kutengeneza haianzi kwa neno «off». Inaanza kwa hatua hizi, ambazo kwa Kifaransa tunaziita «consignation», na ambazo sheria ya kazi ya Marekani imezitaka kwa mashini za viwanda tangu mwaka 1989:

1. Waambie wote wanaohusika.
2. Simamisha mashini, kisha kata umeme kwenye chanzo chake.
3. Tia kufuli. Kila mtu kufuli lake, na ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.
4. Tundika kibao chenye jina lako.
5. Toa nguvu iliyobaki: hewa iliyobanwa, springi iliyokazwa, chombo kilichoinuliwa juu, umeme uliobaki ndani ya kondensa.
6. Pima. Jaribu kwanza chombo cha kupimia mahali penye umeme, uone kinafanya kazi. Pima waya wako. Kisha kijaribu tena mahali penye umeme.

Baada ya hapo ndipo unaweza kusema «dead» juu ya waya, ili watu wasije wakalisema juu yako.

SOMO LA 6: «FUSE», «CORD», NA KIMYA BAADA YA MOTO

Kwa fundi wa umeme, «fuse» ni kile kidude kinachoyeyuka na kukata umeme ukizidi. Kwa mpiga baruti, «fuse» ni utambi. Mwenye kuagiza vitu kwa karatasi aandike kazi yake, si jina tu.

Lakini hatari kubwa ni hii. Kuna «safety fuse» na kuna «detonating cord». Zote mbili ni kamba zilizoviringishwa, na mtu asiyezoea anaweza kuona ni ndugu. Wa Kifaransa wanaziita «mèche lente» na «cordeau détonant».

«Safety fuse» ilibuniwa na William Bickford kule Cornwall, Uingereza, mwaka 1831. Kabla yake wachimbaji walitumia mabua na manyoya ya ndege yaliyojazwa baruti. Mara yaliwaka upesi, mara polepole, na wengi walikufa. Utambi wa Bickford ulifuata mwendo mmoja. Hiyo ndiyo maana ya «safety» hapa: unajua utachukua muda gani. Haina maana kwamba ni salama kuuchezea. Utambi wa namna hiyo unawaka kwa dakika mbili hivi kwa kila meta, na kipimo kamili kinatoka kwa mwenye kuutengeneza.

«Detonating cord» haiwaki, inalipuka. Mlipuko wake unakimbia meta 7,000 hivi kwa sekunde moja. Linganisha, ndugu: meta tatu za utambi zinakupa karibu dakika sita za kuondoka. Meta tatu za ile kamba nyingine hazikupi hata nafasi ya kufumba jicho. Usitegemee rangi, sababu kila kiwanda kina rangi yake. Soma lebo ya katoni, na kama lebo imetoka, kamba hiyo irudishwe kwa mwenye ghala.

Maneno mengine mawili: «misfire» na «hang fire». «Misfire» ni baruti iliyokataa kulipuka. «Hang fire» ni baruti iliyochelewa, bado inakuja. Kwa sikio, zote mbili ni kimya. Hakuna mtu anayeweza kuzitofautisha akiwa amesimama mbali, kwa hiyo zote mbili zichukuliwe kuwa bado zinakuja. Sheria ya migodi ya Marekani inakataza kurudi mahali pa baruti kabla ya dakika 30 kama utambi na kapsuli zake vimetumika. Kama mgodi wako unataka muda mrefu zaidi, fuata ule mrefu. Na si kila mtu anayerudi: anarudi mwenye kazi ya baruti peke yake.

SOMO LA 7: MANENO YA ONYO

Katika vibao vya Kiingereza vya namna ya Marekani, maneno ya onyo yana ngazi:

– «Danger», nyekundu: ukikosea, utakufa ao utaumia vibaya.
– «Warning», ya machungwa: unaweza kufa ao kuumia vibaya.
– «Caution», manjano: unaweza kuumia kidogo ao kiasi.
– «Notice», buluu: ni habari, ao kitu kinaweza kuharibika.

Juu ya dawa na vitu vya kemia utaona mawili tu, «Danger» na «Warning». Kifaransa kinaandika «Danger» na «Attention». Usidharau la pili.

Na mama, angalia hili pamoja na watoto wa shule: «poisson», yenye S mbili, ni samaki. «Poison», yenye S moja, ni sumu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kwetu watu wa ziwa, mtoto huyajua maneno ya samaki mapema. Mfundishe pia picha ya kichwa cha mfu na mifupa miwili.

JIPIME MWENYEWE

Mwambie mtoto wako akuulize jioni, kisha wewe umwulize.

1. Kopo toka Kigoma limeandikwa «petrol». Utalitia ndani ya taa? – Hapana. Ni esansi.
2. Kopo toka Mpulungu limeandikwa «paraffin». Ni nta? – Hapana. Ni mafuta ya taa.
3. Pipa limeandikwa «inflammable». Linawaka? – Ndiyo, upesi.
4. Swichi kubwa ya umeme iko «closed». Umeme unapita? – Ndiyo.
5. Mashini iko «off». Utaingiza mkono? – Hapana. Tia kufuli, kisha pima.
6. Baruti imenyamaza. Utaenda kutazama? – Hapana. Ngoja muda wa sheria, na aende mwenye kazi hiyo.

Mwishoni, ndugu, hatuwezi kukumbuka maneno yote ya dunia. Lakini kila mtu anaweza kujiuliza maswali matatu mbele ya neno la kigeni. Ni la lugha gani? Linasema juu ya kitu gani: mafuta, maji, umeme ao baruti? Kuna alama gani nyingine karibu nalo? Ukishindwa kujibu moja, simama, mwite kapita ao fundi anayejua. Wazee wetu walisema: kuuliza si ujinga. Na kapita mwema hamcheki anayeuliza. Anamshukuru, sababu jioni watarudi nyumbani wote wawili.

USALAMA KWANZA. SOMA, ULIZA, NDIPO UGUSE.